Siku ya Ishirini na Nane

Kichupa chenyewe ni kidogo, ukikifumbata hakionekani. Ndani mna unga mweupe. Ukitiwa maji ya sindano hauyeyuki kama dawa nyingine. Unageuka kitu mfano wa tui la kwanza, zito, na ukiliacha dakika chache linatuama chini. Hiyo ndiyo benzathini penisilini. Inatumika tangu miaka ya 1950, bei yake ndogo, na kwa mtoto aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi, ile inayoanzia kooni na kuharibu milango ya moyo, ndiyo inayosimama kati ya moyo wake na kisu cha daktari. Sindano moja kila baada ya siku 28. Kwa mwaka, sindano 13.

Asipochomwa, kinachofuata kinajulikana: wodi, boti, foleni ya upasuaji Dar es Salaam, na vidonge vya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Duniani wanakadiriwa watu milioni 55 wenye maradhi ya moyo yaliyoanzia kwenye homa hiyo, na Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo kama 360,000 kila mwaka. Nchi tajiri nyingi zimeshayasahau. Cuba na Costa Rica hazikuwa nchi tajiri, nazo ziliyapunguza mno kwa penisilini hii hii. Basi tukikaa Unguja na Pemba tukasema haya ni maradhi makubwa yanayotaka vifaa vikubwa, tunajidanganya. Dawa haijatushinda. Kinachotushinda ni kuhesabu siku.

Kooni, gotini, moyoni

Mwanzo ni koo. Bakteria anayeitwa streptokoka wa kundi A hupita kwa mate na makamasi, mtoto hadi mtoto, na huwaandama hasa walio kati ya miaka 5 na 15. Mkeka mmoja wa chuo cha Kurani waliokalia watoto kumi, kitanda kimoja wanacholala ndugu watatu, darasa la skuli lililofungwa madirisha wakati wa masika: yeye hataki zaidi ya hapo. Makoo mengi yanayouma ni ya virusi, na hayo hayataki penisilini. Ya virusi huja na mafua, kikohozi, macho mekundu, sauti kukauka. La streptokoka huja kwa ghafla: homa, shida ya kumeza, tezi za chini ya taya zimevimba na zinauma zikiguswa, mafindofindo mekundu yenye utando mweupe, na kikohozi hamna. Penye kipimo cha haraka cha koo, mtoto apimwe. Pasipokuwa nacho, dalili hizo zikikutana kwa mtoto wa rika hilo, ni heri kumtibu.

Tangu koo lianze kuuma, kuna siku 9 za kuwahi. Penisilini ikiingia ndani ya siku hizo, homa ya baridi yabisi huzuilika. Njia ni mbili. Ya kwanza ni sindano moja ya benzathini: yuniti 1,200,000 kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, yuniti 600,000 kwa mdogo; mpaka wa uzito miongozo mingine huuweka kilo 27, mingine kilo 30. Ya pili ni amoksilini ya kunywa, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, isizidi gramu 1, kwa siku 10. Kumi, si tatu. Mzazi hununua vidonge vya siku tatu duka la dawa, koo linapoa siku ya pili, vilivyobaki vinawekwa kabatini kumsubiri mtoto mwingine. Bakteria hajafa, amenyamaza tu. Sindano inauma, lakini ikishaingia haimtaki mtu akumbuke kitu. Na streptokoka huyu, pamoja na miaka zaidi ya 70 ya kupigwa penisilini, hajaonesha usugu kwayo, kwa hiyo kumkimbilia na dawa ya bei kubwa zaidi ni kumwaga pesa baharini.

Maji ya chumvi, asali na ndimu, tangawizi: hupoza koo, hayana ubaya. Kukata kimio ni jambo jingine kabisa. Kimio kikikatwa, bakteria anabaki pale pale kwenye mafindofindo, na mtoto ameongezewa kidonda, hatari ya kutoka damu na hatari ya pepopunda.

Wiki mbili au tatu hupita. Koo limepona na limesahauliwa. Kinga ya mwili, iliyojifunza kumpiga bakteria, inakosea shabaha, kwa kuwa baadhi ya protini za bakteria huyo zinafanana na zilizomo kwenye moyo na viungo. Goti la kulia linavimba na kuwaka moto. Keshokutwa limepoa, na sasa ni kifundo cha mguu wa kushoto, kisha kiwiko. Maumivu yanahama. Nyumbani wanasema baridi, au mtoto anakua, na anachuliwa kwa mafuta ya karafuu. Goti lingepona lenyewe hata lisingeguswa, lakini limepona baada ya kuchuliwa, basi mafuta yamepata sifa yasiyostahiki na hospitali imekosa mgonjwa. Tabibu Mfaransa Lasègue, karne ya 19, alisema maradhi haya huramba viungo lakini moyo huung'ata. Goti halibaki na alama. Milango ya moyo, yaani valvu, hubaki nayo, hasa ule wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini.

Ipo dalili nyingine ambayo mwalimu wa chuoni huweza kuiona kabla ya daktari. Mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri anaanza kuvuruga mistari. Kikombe kinamponyoka. Mikono na uso vinachezacheza bila yeye kutaka, na akilala vinatulia. Hutokea hata miezi kadhaa baada ya koo, wakati vipimo vya damu havioneshi tena chochote, na hapo watu huwaza mashetani kabla ya kuwaza moyo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kile tunachokiita eko, hata kama daktari aliyesikiliza kifua hakusikia kitu. Sikio hukosa mengi.

Kuchanganya tui

Turudi kwenye kichupa, maana hapo pana makosa madogo yanayoharibu kazi kubwa.

Vichupa vinavyopatikana zaidi ni vya yuniti 2,400,000. Kiasi hicho ndicho dozi moja ya mtu mzima mwenye kaswende, na kwa sababu hiyo dawa hii imezoeleka zaidi kliniki ya wajawazito kuliko pengine popote. Kwa moyo, mgonjwa mkubwa anahitaji nusu yake. Makosa huanzia kwenye hiyo nusu. Muuguzi anatia maji, tuseme mililita 8, kisha anavuta 4 akiamini amechukua nusu. Lakini unga nao una ujazo wake. Mchanganyiko umezidi mililita 8, na aliyevuta 4 amechukua pungufu ya nusu. Nusu hupatikana kwa kuvuta mchanganyiko wote kwenye bomba, kusoma ujazo wake, kisha kugawa. Kiasi cha maji kifuatwe kilivyoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwa kuwa hutofautiana.

Tatizo la pili ni sindano kuziba. Unga ukitikiswa vibaya unabaki na mabonge, yanakwama kwenye sindano, muuguzi anasukuma kwa nguvu, bomba linafyatuka na nusu ya dawa iko sakafuni. Sindano nene kiasi, geji 21, hupunguza hilo. Kichupa kibiringishwe kati ya viganja mpaka mchanganyiko ulingane, na dawa ikishachanganywa ichomwe hapo hapo, isisubiri. Nusu iliyobaki haiwekwi mpaka kesho. Ndiyo sababu vituo vyenye wagonjwa kadhaa vikiwapanga siku moja, wawili wawili, kichupa kimoja hutosha watu wawili na hakuna kinachotupwa.

Mahali pa kuchoma ni ndani ya msuli, sehemu ya juu ya pembeni ya nyonga, polepole, dakika mbili au tatu. Kabla ya kusukuma, bomba livutwe nyuma kidogo; damu ikionekana, mahali pabadilishwe. Dawa hii ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua. Maumivu hupungua dawa ikichukua joto la kiganja kwanza, mahali pakikandamizwa kwa kidole sekunde kumi kabla ya kuchoma, na kituo kikiwa na lidokeini, dawa ya ganzi, kidogo yake ikichanganywa humo. Haya si mapambo. Mtoto aliyeumizwa mno mara ya kwanza hurudi mara ya pili akiburutwa, na mara ya tatu harudi.

Wahudumu wengi wanaogopa mzio, na hofu yao ina sababu lakini imezidi kipimo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 1991 ulifuatilia sindano 32,430 kwa wagonjwa 1,790: mzio mkali ulitokea mara 4, kifo 1. Adrenalini, dawa ya kumwokoa mwenye mzio mkali, iwe mezani, si kabatini iliyofungwa na mwenye ufunguo yuko sokoni: mililita 0.5 ya ile ya 1 kwa 1,000 ndani ya msuli wa paja kwa mtu mzima, 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Mgonjwa akae kituoni nusu saa. Jambo jipya zaidi ni kwamba baadhi ya walioanguka baada ya sindano hawakuwa na mzio hata kidogo. Moyo uliochoka sana haukustahimili maumivu na woga, mapigo na presha vikashuka kwa pamoja. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba mwenye valvu zilizoharibika vibaya au moyo ulioshindwa afikiriwe penisilini ya vidonge badala ya sindano. Kwa wengine wote, mchome amelala, na ikiwezekana awe amekula na amekunywa maji.

Hapo linaingia suala la Ramadhani. Wanazuoni wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, na hilo lasemwe kliniki waziwazi tangu Shaabani, maana mtu akinyamaza na shaka yake huruka sindano ya mwezi mzima. Lakini mwenye moyo dhaifu asichomwe akiwa na njaa na kiu. Huyo apangiwe mapema: siku yake iwahishwe kidogo, au apewe vidonge, na kufunga kwenyewe aulizane na daktari wake na sheikh wake.

Mwezi si siku 28

Ukimwambia mzazi "njoo kila mwezi", umeshapoteza sindano moja. Miezi ni 12, sindano ni 13. Ukimwambia kwa mwezi wa kuandama, ambao ni siku 29 au 30, umekaribia lakini bado siku zinasogea. Dawa hutoka msulini polepole, na kufikia wiki ya nne iliyobaki katika damu ni chache. Siku zinazozidi hapo ni siku ambazo koo halina mlinzi.

Tupige hesabu. Mgonjwa anayechelewa wiki moja tu kila mara, mtu ambaye hakuna atakayemwita mtoro, anachomwa kila siku 35. Kwa mwaka anapata sindano 10. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni kupata angalau asilimia 80 ya sindano zote, yaani 11 katika 13. Huyu mwenye adabu ya kuja kila mara, ila wiki moja baadaye, hakufikia. Na mashambulizi ya homa ndiyo yanayoongeza uharibifu: kila linaporudi, valvu inazidi kukunjamana na kushikana.

Dawa ya hesabu hii ni ya bure. Siku 28 ni wiki nne kamili, kwa hiyo siku ya sindano haibadiliki. Aliyechomwa Jumatano atachomwa Jumatano daima. Mama asiandikiwe tarehe peke yake. Aambiwe "Jumatano ya nne", ahesabu Jumatano kama anavyohesabu Ijumaa. Kwenye daftari la kituo, safu ya maana si tarehe aliyochomwa, ni tarehe anayotakiwa kurudi, na iandikwe wakati mtoto bado amekaa kwenye benchi. Siku ya kwanza ya kuchelewa apigiwe simu mzazi. Siku ya tatu sheha au mhudumu wa kujitolea wa shehia apite nyumbani. Wasiokuja wajulikane kwa majina ifikapo Ijumaa, si mwisho wa mwaka kwenye ripoti.

Ugumu wenyewe unatoka mbali zaidi. Mtoto wa Zanzibar ana kadi tangu kuzaliwa: chanjo, uzito, vitamini A. Wahudumu wa kujitolea wanapita nyumbani kuangalia mjamzito na mtoto mchanga. Akifika miaka mitano, kadi inafungwa. Itafunguliwa nyingine atakapobeba mimba. Streptokoka amechagua miaka ile ile ambayo mtoto hana kadi, hana kliniki, hana mtu anayemtarajia. Skuli ndiyo inayomwona kila siku, na skuli haina daftari la makoo.

Mzazi naye ana hoja yake, tena ya haki. "Daktari, mwanangu mzima, kutwa anacheza mpira. Sindano hii ya nini tena?" Jibu la "ni ya moyo" halitoshi, kwa kuwa moyo hauumi. Linalosaidia ni kumwonesha kwamba sindano si ya maradhi aliyonayo, ni ya koo litakalokuja. "Mama, mwanao akiumwa koo kama watoto wengine, wenzake watapona. Yeye koo likiingia, moyo unaliwa. Tunamchoma ili koo lisiingie." Kwa hilo sasa upo ushahidi mzuri kutoka kwa jirani: kaskazini mwa Uganda watoto 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za mwanzo, ambao wenyewe hawakujisikia kuumwa, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka 2, maradhi yalizidi kwa watoto 3 waliochomwa kila wiki nne, na kwa 33 wasiochomwa.

Gharama isiyokuwa na risiti

Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu Zanzibar yalitangazwa kuwa bure, na mpaka leo watu wengi hupima gharama kwa kile kilicholipwa dirishani. Kwa maradhi haya, dirishani ndipo panapolipwa kidogo.

Tuanzie wodini. Mgonjwa wa valvu huja akiwa hawezi kulala chali. Analala ameegemea mito mitatu, miguu imevimba, mapafu yamejaa maji. Anataka oksijeni. Anataka furosemaidi ya mshipani, ya kumtoa maji mwilini, mara mbili au tatu kwa siku, na kila kinachotoka kwenye mkojo kipimwe, na apimwe uzito kila asubuhi, na potasiamu na figo ziangaliwe kwa kuwa dawa ya kutoa maji huondoka na chumvi. Mapigo yakiwa yamevurugika, dawa za kuyatuliza, na za kuzuia damu kuganda ili bonge lisipande kichwani likampooza. Kitanda kinakaliwa wiki, pengine mbili. Anaruhusiwa. Baada ya miezi, vidonge vimekwisha au amekula chumvi nyingi katika shughuli ya arusi, anarudi kitanda kile kile. Pamoja naye yupo mtu wa kumuuguza, anayelala chini, ambaye duka lake la mboga limefungwa au konde lake halipaliliwi, na yupo wa tatu anayeleta chakula kila mchana kwa daladala. Hao wawili hawamo katika takwimu yoyote ya hospitali.

Hawa si wazee. Pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa uliochapishwa 2014 ulikuta asilimia 12 wao chanzo ni homa ya baridi yabisi. Wenye shinikizo la damu walikuwa wengi zaidi, lakini wengi wao ni watu wa umri mkubwa. Uchunguzi mwingine uliokusanya wagonjwa 3,343 wa maradhi haya kutoka nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen ulikuta umri wa katikati ni miaka 28, theluthi mbili ni wanawake, na ndani ya miaka 2 karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Miaka 28 ni mtu aliyeachisha mtoto wa pili.

Kisha bahari. Upasuaji wa valvu unatafutwa ng'ambo ya maji. Rufaa za moyo nchini huelekea Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015 katika eneo la Muhimbili. Kwa mtu wa Micheweni, Pemba, safari ni hii: gari mpaka Chake, gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, kulala kwa jamaa, boti mpaka Dar, kulala kwa jamaa mwingine kama yupo. Kwenda na kurudi ni tiketi nne za boti. Peke yake haendi, kwa hiyo nane. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji akiitwa kuangaliwa mara nne, tiketi 32 kabla ya chakula na daladala, na kusi likivuma boti ikaahirishwa, usiku mmoja zaidi wa kulala kwa watu. Kwa familia nyingi ng'ombe huuzwa kabla daktari hajagusa kifua.

Upasuaji wenyewe una ngazi mbili. Valvu iliyobana tu, haivuji sana, haijawa ngumu kama gamba, na chumba cha juu hakina bonge la damu, hufunguliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja. Kifua hakipasuliwi, na mgonjwa hutoka baada ya siku chache. Hiyo ni ya waliowahi. Valvu iliyoliwa kwa miaka inataka kifua kipasuliwe, moyo usimamishwe, damu ipitishwe kwenye mashine yenye vifaa vya kutumika mara moja na kutupwa, chupa kadhaa za damu, siku za chumba cha wagonjwa mahututi, na valvu bandia iliyoagizwa nje. Ikiwa ya chuma, inadumu, ila inadai warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, maisha yote. Ikiwa ya tishu za mnyama, warfarini si ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa mapema na kifua hupasuliwa tena.

Watu wakishatoka salama hudhani gharama imekwisha, kumbe ndipo warfarini inapoanza. Dozi yake haina kawaida moja. Mmoja hutosheka na miligramu 2, mwingine 9, na anayejua ni kipimo cha damu kiitwacho INR. Mwenye valvu ya chuma kwenye ule mlango wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, hutakiwa kukaa kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo damu huweza kuganda kwenye valvu, ikazibika. Juu sana, damu hutoka kwenye ubongo au tumbo. Kisamvu, mchicha na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Asiambiwe aache, aambiwe ale kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki. Aliyezoea mboga kila siku akaja kula nyama na wali tupu siku za Iddi, kipimo hupanda. Metronidazoli ya tumbo hukipandisha, septrini hukipandisha, na diklofenaki ya mgongo iliyonunuliwa duka la dawa huongeza kutoka damu tumboni hata kipimo kisipoonesha lolote. Kipimo kifanyike kila mwezi kikitulia, kila wiki kikiyumba, na majibu yapatikane siku ile ile, kwa sababu majibu ya Jumatatu ijayo hayarekebishi dozi ya leo. Zipo dawa mpya za kuzuia damu isigande zisizotaka kipimo. Valvu ya chuma haizikubali. Hata kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye mapigo yaliyovurugika, jaribio kubwa la 2022 lenye watu zaidi ya 4,500 lilikuta walio kwenye dawa za zamani kama warfarini walikufa wachache zaidi kuliko waliopewa mpya. Maabara haikwepeki.

Mimba ndipo hesabu zote hukutana. Damu ya mjamzito huongezeka kwa asilimia 30 hadi 50, na valvu iliyobana, ambayo mwanamke ameishi nayo bila kujua, inashindwa kupitisha. Hufika hospitali kuanzia mwezi wa saba, au ndani ya siku tatu baada ya kujifungua, anakohoa povu la rangi ya waridi, na kwenye kadi imeandikwa pumu. Mjamzito anayeshindwa kulala chali, anayeamka usiku kutafuta hewa, anayechoka kupanda ngazi ambazo mwezi uliopita alizipanda, apelekwe eko kabla ya kupewa dawa ya pumu. Mwenye valvu ya chuma ana mtihani mgumu kuliko wote: warfarini hulinda valvu, lakini kati ya wiki ya 6 na ya 12 huweza kumharibu mtoto tumboni. Mazungumzo ya mimba yalitakiwa yafanyike kabla ya kuchagua valvu, naye akiwepo, si mume na mjomba peke yao barazani.

Kuagiza, na hadi lini

Viwanda vinavyotengeneza kiini cha benzathini duniani ni vichache mno, na kimoja kikisimama nchi nyingi hukosa. Lakini mara nyingine rafu huwa tupu kwa sababu ya karibu zaidi. Kituo kilichoagiza kwa kuangalia kesi za kaswende kitaishiwa kikipata watoto watano wa moyo, maana mjamzito hutumia kichupa kimoja au vitatu kwa jumla, mtoto wa moyo ana dozi 13 kila mwaka. Watoto 20 ni dozi 260. Wakipangwa wawili wawili kwa nusu nusu, vichupa 130. Ongeza robo kwa vinavyovunjika na wanaokuja peke yao, kama 163. Namba hiyo iandikwe kwenye fomu ya kuagiza kwa mstari wake, isifichwe ndani ya kaswende.

Mtoto atauliza mwisho ni lini. Kama moyo haukuguswa, miaka 5 tangu homa ya mwisho au mpaka afike 21, lipi ni refu zaidi. Kama uliguswa ukapona, miaka 10 au mpaka 21. Kama valvu imebaki na kasoro, miaka 10 au mpaka 40, na wengine maisha. Aliyeanza ana miaka 9 na akaachishwa akiwa na 21 atakuwa amechomwa mara 156. Kadi ya karatasi haifiki huko. Anunuliwe kaunta buku la jalada gumu.